Saa Nane ya Mama Mkwe

Mimi ni msusi, na msusi hana dakika tano za kweli. Mteja akiuliza kama bado sana, namwambia dakika tano, naye kwa kuwa ananijua anafumba macho na kuegemeza kichwa. Mume wangu, Baba Pacha, ananijua zaidi. Nikimwambia natoka saluni saa kumi na mbili, anapasha chakula saa mbili. Miaka kumi na moja ya ndoa hajanigombeza hata siku moja kwa hilo. "Mama Pacha ana saa yake," huwaambia watu huku anacheka, nami nilikuwa nikicheka naye, nikijua kwamba napendwa.

Asiyecheka alikuwa mama yake. Alihamia kwetu mwaka juzi, baada ya kustaafu. Miaka thelathini na miwili alikaa kwenye kidirisha cha stesheni akikata tiketi na kutangaza treni, na ameona watu wazima wakilia jukwaani kwa sababu ya dakika moja. Kiti chake pale sebuleni kinatazama saa ya ukutani. Nikiaga kwamba nitarudi saa moja, anauliza bila kugeuza shingo: "Saa moja yako, au ya saa?" Swali hilo lilikuwa linanipandisha hasira. Kuna siku nilifunga mlango kwa nguvu mpaka vioo vya dirisha vikalia. Nisiseme uongo, nilikuwa simpendi.

Mapango yaliingia maishani mwangu kupitia sinki. Sinki la saluni liliziba, akaja fundi bomba, mzee wa miaka sitini na minne, mwembamba, akajilaza chali ndani ya kabati la chini ya sinki, mahali ambapo mimi nisingethubutu kuingiza hata kichwa. Na humo ndani alikuwa anaimba. Nikamuuliza anawezaje kufurahi mahali pabaya vile. Akaniambia yeye na wenzake kila mwezi wanaingia kwenye mapango ya vilima vya chokaa, nje ya mji, kwa hiari yao na akili zao timamu, na kwamba kabati langu kwake ni kama sebule.

"Njoo siku moja," akasema. "Utapenda."

Mtu mwingine angemlipa, akacheka, yakaisha. Mimi sijui kutulia. Siku nzima nimesimama, vidole vinakwenda, mdomo unakwenda. Nikikaa, goti linacheza lenyewe mpaka watoto wanalishika kwa mikono. Mwezi ule hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nasuka huku natazama mlango, nataka kwenda, siwezi kusema wapi, popote pasipo na kioo wala kitana. Nikamwambia nakuja.

Nilidhani Jumapili iliyofuata tutakuwa pangoni. Badala yake Fundi alitualika uani kwake, mimi na mfamasia mmoja mpole aliyekuwa ameshaingia pangoni mara mbili tu. Alikuwa amepanga meza nne na kitanda kimoja cha chuma, akatuambia tutambae chini yake tumevaa kofia ngumu zenye tochi, mara kumi. Niligonga kichwa mpaka nikaacha kuhesabu. "Ndiyo raha ya kofia," akasema. Jinzi akatukataza, kwa sababu ikilowa haikauki na inanyonya joto lote la mwili. Kila mtu awe na tochi tatu: ya kuonea, ya kupokea zamu, na ya tatu ya kumwazima mjinga aliyesahau zake. Ndani ya kofia yangu alikunja mfuko mkubwa mweusi wa taka. Nilipouliza ni wa nini, akasema ni nyumba yangu. Nikamwona mzee anatania.

"Na hakuna kwenda peke yako," alimaliza. "Hata hatua kumi. Hata kujisaidia, unasema."

Nikasema sawa. Kusema sawa sijawahi kushindwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya safari, Fundi alipita saluni na karatasi. Chama chao kina desturi: anayeingia kwa mara ya kwanza ndiye anayetoa mshika karatasi. Karatasi ina majina ya wanaokwenda, mchoro wa pango, saa ya kutoka, namba ya kikosi cha uokoaji, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, saa ya kupiga simu. Ikifika saa hiyo hawajaonekana, mshika karatasi anapiga simu. Hafikirii, hasubiri, haombi ushauri kwa jirani. Anachaguliwa mtu wa mgeni kwa sababu ndugu wa wazoefu wameshazoea, wanaweza hata kusinzia.

"Nyumbani kwako nani anakusumbua zaidi kuhusu saa?" Fundi aliniuliza.

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaiona ile shingo isiyogeuka. Nikaona jinsi atakavyoishika karatasi, na jinsi atakavyonikumbusha mpaka siku nazikwa.

"Mume wangu," nikasema.

Fundi akaandika: kutoka saa saba mchana, kupiga simu saa nane. Jioni ile Baba Pacha akaibana kwenye friji kwa sumaku, akanikonyeza. "Saa nane. Sawa, bosi wangu, nimekuelewa." Ile *nimekuelewa* niliipenda. Kutoka kwenye kiti chake mama mkwe akauliza, "Saa nane yako, au ya saa?" Nilienda kupanga tochi zangu.

Kesho yake tuliingia saa tatu asubuhi, watu wanne: Fundi mbele, mfamasia, mimi, na nyuma dereva wa lori anayeitwa Kontena kwa ukubwa wake, ambaye kila penye wembamba alipita akiguna kama mtu anayevaa suruali ya zamani. Fundi alikuwa amempigia simu rafiki yake mfugaji aliyeko vilimani, akaambiwa mbingu ni nyeupe. Pango lenyewe ni la wanaoanza, na lina sehemu ngumu moja tu, robo saa kutoka mlangoni: dari inashuka mpaka usawa wa magoti, unalala kifudifudi na kutambaa juu ya kokoto kwa hatua kama thelathini. Wenyewe wanapaita Chini ya Kitanda. Ukimaliza hapo unatokea kwenye ukumbi mkubwa, na juu kabisa ya dari, mahali pasipofikiwa na ngazi yoyote, kuna tundu linalopitisha mwanga wa mchana. Hilo wanaliita Dirisha.

Nilipenda kuliko nilivyotarajia. Hakuna aliyekuwa akinisubiri, hakuna kichwa cha mtu mikononi mwangu. Kila penye njia mbili Fundi alitugeuza tutazame tulikotoka, kwa sababu njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwenda. Nilitazama, lakini nusu nusu. Macho yangu yalikuwa mbele.

Saa tano kamili Fundi akasema tunageuka. Kontena akakaa kufunga buti, kamba ilikuwa imekatika, Fundi akainama kummulikia na kumuunganishia. Mfamasia alikuwa anakunywa maji. Mbele yangu palikuwa na kona, na nyuma ya kona kitu kilikuwa kinameta. Kabla sijaamua, miguu ilikuwa imeshaondoka. Dakika tano tu, nikajiambia, na sikumwambia mtu mwingine. Nikapita kona ya kwanza, nikapita ya pili, nikaona ukuta mzima wa mawe meupe yanayong'aa, nikashukuru, nikageuka nirudi. Nikakuta njia mbili nilikokuwa nimekuja kwa moja.

Nilifanya jambo moja la maana siku ile: nilisimama palepale, nikapuliza filimbi niliyovalishwa shingoni. Iliwachukua muda kujua sauti inatokea wapi. Fundi aliponifikia hakunigombeza, alitazama saa yake tu. Nilikuwa nimekula dakika ishirini na tano za watu.

Tuliporudi ukumbini, sauti ilikuwa imebadilika. Asubuhi palikuwa kimya. Sasa ilikuwa kana kwamba mtu anaoga chumba cha pili. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, nyuma ya vilima, kusikoonekana na mfugaji yeyote, na maji yalikuwa yameshaingia Chini ya Kitanda. Kati ya maji na dari palibaki nafasi ya shubiri moja. Fundi alijifunga kamba kiunoni, akampa Kontena ncha ya pili, akalala majini na kuingia. Tulibaki tunaitazama ile kamba. Ilipovutwa mara mbili Kontena akaivuta kwa nguvu, na mzee akarudi amelowa mpaka masikioni, anakohoa.

"Katikati pameziba," akasema. "Robo saa iliyopita tungepita."

Alisema vile anavyosema bomba lina kutu, bila lawama yoyote. Nilitamani anitukane.

Tukapanda kwenye mwamba mpana ulio chini ya Dirisha, juu sana ya alama za matope ya miaka iliyopita. Maji hayafiki pale. Simu hazikuwa na mtandao. Fundi alikaa akatueleza kwa utulivu: maji haya hushuka baada ya siku moja au mbili, lakini hatutayangoja. Saa nane simu itapigwa. Dirisha liko kwenye mchoro. Saa tisa na kitu jamaa wa uokoaji watatushushia kamba. Kontena akatuzimisha tochi, ikabaki moja. Mfamasia akagawa biskuti. Wakatulia wote, watu wenye karatasi yao nyumbani.

Mimi nilikuwa nimekalia miiba. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena mpaka Kontena akanishika ovaroli akaniketisha. Saa yangu ya mkononi ilisema saa sita na nusu. Kwa Baba Pacha saa nane yangu ni saa kumi. Hakuna aliyemwambia hivyo ila mimi mwenyewe, siku baada ya siku, kwa miaka kumi na moja. Nilimwona waziwazi: amejinyoosha kwenye kochi, mpira kwenye televisheni, saa nane inagonga, anatabasamu. *Mama Pacha na saa yake.*

Nikajiambia masaa mawili si kitu, tuko mahali pakavu. Kisha nikasikia meno ya Fundi.

Alikuwa anatetemeka mpaka kofia inagonga mwamba. Tulimvua ovaroli iliyolowa, Kontena akampa fulana yake kavu, tukamwingiza ndani ya mfuko wangu wa taka, mguu mpaka shingo. Nyumba yangu ilimtosha kabisa. Nikaingiza mikono ndani nikaanza kumsugua miguu. Ilikuwa baridi kuliko lile jiwe. Mfamasia alimshika shingoni, akatazama saa, kisha akanivuta pembeni.

"Kutetemeka ni kuzuri," akaninong'oneza. "Akiacha kabla hajapata joto, ndiyo hatari. Amekonda mno. Wakifika saa tisa na kitu, tutamtoa. Zaidi ya saa kumi, dada, mimi siahidi."

Simu ikipigwa saa kumi, watu watafika saa kumi na moja na zaidi. Hesabu hiyo niliifanya hapohapo.

Ilinichukua mpaka saa saba na nusu kufungua mdomo. Mimi, ambaye mdomo haujawahi kunilemea.

"Mume wangu hatapiga saa nane," nikasema.

Wote wakanigeukia, tochi ikanipiga usoni.

"Atapiga saa kumi. Huwa ananiongezea masaa mawili. Mimi nachelewa kila siku, kila mahali, ameshanizoea."

"Ulilijua hilo tangu jana?" Kontena akauliza.

"Nililijua."

"Ukamwandikisha."

"Ndiyo."

Akageuzia uso ukutani. Nilisikia anavyopumua kwa pua. Mfamasia akarudi kumpima Fundi shingoni. Fundi alikuwa ananitazama kutoka ndani ya mfuko.

"Mimi... nilikuuliza nani anakusumbua," akasema, maneno yakikatika kwa kutetemeka.

"Mama mkwe," nikasema. "Ni mama mkwe. Angepiga saa nane kamili. Nilimficha kwa sababu simpendi."

Fundi akacheka, au meno yake yalifanya kitu kama kicheko. "Kwa hiyo anayejali saa yupo nyumbani," akasema.

Saa nane ikafika. Nikaona mshale mdogo unafika, na mkubwa unapita. Nane na dakika moja. Nane na tano. Nilijaribu kuita kuelekea Dirisha mpaka sauti ikakauka. Juu palikuwa na kipande cha mbingu na majani mawili, basi. Nikarudi kwenye miguu ya mzee nikaisugua. Nilikuwa nimetubu kila kitu nilichoweza kukikumbuka, hata wateja niliowaambia dakika tano mwaka wa kwanza wa saluni.

Saa tisa kasoro dakika kumi Fundi akaacha kutetemeka.

"Fungeni koki," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mnapoteza maji ya watu. Nani ameacha koki wazi?"

"Fundi," mfamasia akamwita. "Fundi, tuko pangoni."

"Nipe spana namba kumi na saba. Iko kwenye kabati la yule msusi."

Alianza kuivua ile fulana, anasema anasikia joto. Kontena akamkumbatia kwa nguvu, yeye na mfuko wake, mzee akapotea kwenye kile kifua kipana. Mimi nikajibana upande wa pili. Nililia kwa sauti na sikuona aibu. Nilimwambia Fundi koki nimefunga, spana ninayo, asilale, amalizie kazi ya sinki langu. Nilimuuliza kila swali la bomba nililoweza kulibuni. Saa nyingine alijibu.

Kisha kokoto zikadondoka. Ya kwanza nilidhani ni maji. Ya pili ikamgonga Kontena kwenye kofia.

"Huko chini!" sauti ya mwanamke ikashuka kutoka Dirishani. "Mko wangapi?"

Saa yangu ilisema saa tisa na dakika kumi na nane. Niliitazama mara mbili. Nikadhani imeharibika.

Walimtoa Fundi kwanza, amefungwa kwenye machela na mablanketi, kisha mfamasia, kisha mimi. Kontena aliomba awe wa mwisho. Nilipopita pale juu, mwanga ukaniumiza macho, nikamwona Baba Pacha amesimama kwenye nyasi, amevaa malapa ya bafuni, mguu mmoja wake na mwingine wa mtoto. Midomo ilikuwa inamcheza. Alinikumbatia mpaka nikashindwa kuhema.

"Ulipiga saa nane," nikamwambia. "Baba Pacha, ulipiga."

Akaniachia. Akatazama chini, kwenye malapa yake.

"Mama ndiye aliyepiga," akasema. "Mimi nilikuwa natazama mpira. Alikuja na karatasi mkononi na simu yake. Nikamwambia, 'Mama, mpe mpaka saa kumi, si unamjua?' Akasema, 'Namjua. Lakini imeandikwa nane.' Akapiga mbele yangu. Mimi nilikuwa nakasirika kwamba atatuaibisha." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ningekuua kwa kukuzoea."

Masaa mawili yale alinipa kwa mapenzi, mama yake hakunipa hata dakika, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa najua nani ananipenda na nani hanipendi.

Nyumbani alikuwa kwenye kiti chake. Nilisimama mlangoni na matope yangu yote. Akaitazama saa ya ukutani, kisha, kwa mara ya kwanza, akageuza shingo akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, Mama."

Sikuongeza neno. Nilizoea kuongeza: mteja, foleni, mvua. Akainuka akaniletea chai, akasimama mpaka nikaimaliza, akachukua kikombe.

Fundi alilala hospitali siku nne. Siku ya pili alikuwa ameshawaambia manesi kwamba bomba la choo cha wodini linavuja. Nilimpelekea machungwa, nikamwomba radhi. Akasema radhi ataipokea pangoni, siyo kitandani. Kontena alikaa miezi miwili bila kunisemesha, na sikumlaumu.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, kiangazi kikiwa kimekolea, Fundi akaja saluni na karatasi nyingine. Mgeni safari hii alikuwa mtu mwingine, lakini Fundi alisema chama kimekaa na kubadili desturi: mshika karatasi ni yule aliyepiga simu saa nane, kama atakubali. Nikafunga saluni saa kumi na mbili, mteja wa mwisho nimemwambia ukweli kwamba arudi kesho, nikaenda nyumbani kwa miguu ya haraka. Nikampa mama mkwe karatasi kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali na macho yake, akaisoma yote, mpaka ile nyekundu.

"Kupiga simu saa tisa," akasema. "Tisa yako, au ya saa?"

Goti langu, ambalo halijawahi kutulia mbele yake, lilikuwa limetulia.

"Ya saa, Mama."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Safari yenyewe ilikuwa kesho, lakini alikisogeza kiti chake kidogo kikaikabili saa sawasawa, akakaa.